Unadaiwa mkopo usioukopa: uchambuzi wa kisa cha meseji za "mdhamini"

"Ndugu, umeandikwa kuwa mdhamini wa mkopo wa mtu huyu hapa chini. Deni ni Tsh 97,400. Lipa kabla ya saa 10 jioni leo, la sivyo taarifa zako zitasambazwa na utafikishwa CRB na polisi."

Meseji hiyo iliingia Jumatatu asubuhi kwenye simu ya mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro. (CRB ni kampuni zinazotunza kumbukumbu za wakopaji.) Kisa ni cha mfano. Tumekijenga kwa mambo yanayojirudia katika malalamiko ya mikopo ya mtandaoni nchini Tanzania, ili tuonyeshe kila hatua inafanya kazi gani. Mwalimu hajawahi kupakua programu ya mikopo. Jina lililotajwa analifahamu: ni mzazi wa mwanafunzi wake wa zamani, na walipeana namba kwa ajili ya mambo ya shule tu. Hadi saa nane mchana alikuwa amepigiwa simu na namba tano tofauti. Jumanne akatumiwa WhatsApp picha ya kitambulisho cha yule mzazi, juu yake pameandikwa "TAPELI" kwa rangi nyekundu, na onyo kwamba picha inayofuata itakuwa yake. Jumatano meseji zikabadilika. Sasa zilimtaja yeye kwa jina lake kamili kuwa ndiye mdaiwa.

Badiliko hilo la Jumatano ndilo linalowavuruga watu wengi. Mtu anaanza kujiuliza kama kweli kuna mkopo kwa jina lake, na hofu hiyo inamsukuma kulipa. Kabla ya kujibu chochote kuna swali moja la kutatua: ni kitu gani chako kimeandikwa kwenye deni hilo? Inaweza kuwa namba yako tu, ikiwa ndani ya simu ya mkopaji. Inaweza kuwa laini yako, ambayo zamani ilikuwa ya mtu mwingine. Inaweza kuwa kitambulisho chako cha NIDA. Au huenda hakuna deni lolote na ni utapeli mtupu. Kila jibu lina njia yake, na ukiingia njia isiyo yako utapoteza siku nyingi huku meseji zikizidi.

Kwa nini wanamfuata asiyekopa

Tazama hesabu ya mkopo wenyewe. Mzazi yule aliomba 60,000. Programu ilikata 18,000 kwa jina la "ada ya huduma", akapokea 42,000, arudishe 60,000 baada ya siku 7. Alichelewa siku 11, kila siku ikaongezwa faini ya 3,400, jumla 37,400. Ndiyo hiyo 97,400. Katika siku 18, fedha aliyoishika mkononi imezaa deni linaloizidi mara mbili na zaidi.

Mkopeshaji wa namna hii hana dhamana ya mali, na kesi ya mahakamani ingemgharimu kuliko deni. Alichonacho ni orodha ya majina. Mkopaji alipoweka programu na kubonyeza "ruhusu", kitabu chake cha simu kilinakiliwa na kupelekwa kwenye mfumo wa kampuni. Aibu ya mkopaji mbele ya watu wake ndiyo dhamana. Mwalimu alichaguliwa kwa sababu namba yake imehifadhiwa kwa jina la "Mwalimu" au "Madam", na mdai anajua mwalimu ana mwajiri na heshima ya kulinda. Ndugu, bosi, mchungaji, shehe na mwenyekiti wa mtaa hulengwa kwa sababu hiyohiyo.

Google ilizipiga marufuku programu za mikopo binafsi kwenye duka lake la Play kusoma kitabu cha simu na picha za mtumiaji, kuanzia 31 Mei 2023. Tangu hapo zinazotaka orodha hizo huwekwa kwa faili la kupakua lenye kiishio cha APK, kupitia kiungo cha WhatsApp au Facebook. Mkopaji akikwambia kwamba programu aliitoa kwenye kiungo cha namna hiyo, umeshajua mengi kuhusu unayeshughulika naye.

Je, wewe ni mdhamini? Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano huwa mkataba pale wahusika wanaporidhia kwa hiari yao. Dhamana nayo ni mkataba. Mtu hageuki mdhamini kwa sababu jina lake limo kwenye simu ya mwenzake, wala kwa sababu mkopaji aliliandika kwenye fomu bila kumwambia. Wakopaji wengine hutaja majina mawili kwenye kisehemu cha "watu wa karibu", na mfumo unawaita wadhamini. Hilo halikufungi.

Kutafuta jibu: hatua za siku ya kwanza

Kabla ya kuzuia namba, kusanya ushahidi. Hapa ndipo wengi hukosea: wanafuta kwa hasira, kisha wanafika ofisini na maneno matupu. Piga picha ya skrini ambayo namba nzima ya mtumaji, tarehe na saa vinaonekana. Kwa WhatsApp, fungua pia ukurasa wa wasifu wa mtumaji ili namba ionekane, kwa sababu juu ya mazungumzo huenda linaonekana jina tu. Hifadhi orodha ya simu zilizopigwa. Meseji zenyewe usizifute hata baada ya kuzipiga picha, maana polisi wanaweza kutaka kuziona ndani ya simu. Kisha chukua daftari, andika mistari mitano kwa kila tukio: tarehe, saa, namba, alichosema, fedha aliyotaka itumwe wapi.

Mstari wa mwisho una uzito wake. Anayetaka ulipe kwenye namba ya mtu binafsi, tena jina linalotokea wakati wa kutuma halina uhusiano na kampuni yoyote, anakuonyesha kwamba hata kama deni la mtu lipo, fedha yako huenda isiingie kwenye deni hilo. Mikopo ya mitandao ya simu, mfano wa Songesha, M-Pawa na Timiza, hujikata yenyewe kwenye akaunti ya aliyekopa. Hakuna afisa wa mikopo hiyo anayehitaji umtumie fedha kwenye namba yake.

Kisha jibu mara moja tu, kwa maandishi. Maneno haya yanatosha:

"Sijakopa kwenu na sijasaini dhamana yoyote. Nitumieni kwa maandishi: jina la kampuni na namba ya leseni ya Benki Kuu, namba ya mkataba, tarehe na namba ya simu ambayo fedha zilitumwa, na nakala ya dhamana yenye saini yangu. Ondoeni namba yangu kwenye kumbukumbu zenu. Sijatoa ridhaa ya taarifa zangu kutumika."

Swali la "fedha zilitumwa namba gani" ndilo linalokata mzizi. Kama mkopo ulitolewa, uliingia kwenye namba fulani siku fulani, na mkopeshaji halisi hawezi kushindwa kuitaja. Anayedai kwamba "mfumo hauonyeshi" anakutisha tu. Angalizo: wewe usitaje chochote. Mbinu yao ya kawaida ni kukutajia tarakimu za NIDA zilizokosewa ili ukasirike na kuwasahihisha. Usiwape NIDA, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kazi, wala namba nyingine ya simu. Mwalimu wetu aliulizwa, "Wewe si ndiye wa shule ya fulani?" Akajibu ndiyo. Siku iliyofuata mwalimu mkuu akapigiwa.

Kosa lake la pili lilikuwa kutuma 10,000 Jumatatu jioni "ili waniache nipumzike". Kwa mdai, namba iliyolipa ni namba hai yenye mtu anayeogopa. Haishangazi kwamba Jumatano alipandishwa cheo, akatolewa udhamini na kuwa mdaiwa. Ukitaka kumsaidia mkopaji kwa moyo wako, mtumie yeye, naye alipe kwa laini yake mwenyewe baada ya kudai taarifa ya deni iliyoandikwa.

Je, NIDA yake ilitumika?

Kwa kuwa meseji za Jumatano zilimtaja yeye, swali hili lilihitaji jibu la uhakika. Kuna sehemu mbili za kuangalia.

Ya kwanza ni laini. Tanzania kila laini husajiliwa kwa NIDA na alama za vidole, na mtu akitaka kukopa kwa jina lako kwa njia ya simu atahitaji laini iliyo chini ya kitambulisho chako. Piga *106# na ufuate maelekezo ya kuona namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Rudia kwenye kila mtandao unaotumia. Mwalimu alikuta laini tatu: mbili anazotumia, na moja aliyoinunua miaka ya nyuma akaitupa baada ya simu kuibiwa. Laini kama hiyo ni mlango ulioachwa wazi. Dawa yake ni kwenda kwenye duka la mtandao husika na kitambulisho, uhakiki kwa alama za vidole, uombe iondolewe kwenye usajili wako, kisha siku chache baadaye upige tena *106# kuhakikisha imeondoka kweli. Papo hapo uliza kama laini hiyo ina mkopo wowote wa fedha au wa salio. Kama upo, eleza wizi wa simu na uoneshe RB (namba ya taarifa uliyoandikisha polisi) ya wakati huo kama unayo.

Ya pili ni taarifa ya mikopo. Zipo kampuni zenye leseni ya Benki Kuu kutunza kumbukumbu za wakopaji, zikiwemo Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet. Watu huziita CRB. Mtu binafsi ana haki ya kuomba taarifa yake mwenyewe kwa kujitambulisha. Ndani yake utaona mkopeshaji, kiasi, na kama mkopo unalipwa au umechelewa. Ikitokea mkopo usioujua, andika pingamizi kwa kampuni ya taarifa na kwa mkopeshaji aliyetajwa, ukidai mkataba na uthibitisho wa fedha zilikokwenda, na ubakize nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Taarifa ya mwalimu ilikuwa safi: mkopo wake mmoja tu wa benki, unaokatwa kwenye mshahara.

Jibu likapatikana. Laini ya zamani haikuwa na deni, na kumbukumbu za mikopo hazikuwa na doa. Alichokuwa nacho mdai ni namba ya simu, jina lililohifadhiwa na mkopaji, na mambo ambayo mwalimu mwenyewe aliyathibitisha. Meseji za Jumatano zilikuwa tishio.

Kama majibu yangekuwa mengine, njia ingegeuka. Meseji zinazomtaja mtu usiyemjua kabisa, mfululizo, kwenye laini uliyoinunua karibuni, mara nyingi ni za mwenye namba wa zamani, kwa maana namba zisizotumika hurudishwa sokoni. Hapo jibu ni fupi: namba hii sasa imesajiliwa kwa mtu mwingine, aliyetajwa hayupo, iondoeni. Na wapo wanaokuta fedha zimeingia kwenye simu bila kuomba, kisha wanadaiwa kwa riba. Usizitumie. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, toa namba ya muamala na uombe urejeshwe kwa aliyetuma kupitia mfumo. Ukizirudisha mwenyewe kwenye namba utakayopewa na anayekupigia, huenda ukalipa mtu mmoja na ukabaki unadaiwa na mwingine.

Kupeleka malalamiko, na nini upeleke wapi

Mlango wa kuanzia unategemea leseni. Kukopesha bila kupokea amana kunasimamiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na wakopeshaji wa aina hii ni watoa huduma wa daraja la pili, chini ya Benki Kuu ya Tanzania. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo mahsusi kwa wakopeshaji wa kidijitali wa daraja hilo, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila idhini. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Tatizo ni kwamba leseni hutolewa kwa kampuni, wakati programu hubeba jina lake la biashara, hivyo kutafuta jina la programu peke yake kunaweza kukupotosha. Mwombe mkopaji akufungulie sehemu ya masharti au ya faragha ndani ya programu. Jina la kampuni, kama lipo, huwa humo. Kama halipo popote, hilo nalo liandike kwenye malalamiko.

Mwenye leseni unaanza kumlalamikia yeye mwenyewe kwa maandishi, kisha unapanda Benki Kuu ukiambatanisha barua hiyo na jibu lake au ukimya wake. Asiye na leseni hana dawati la malalamiko la kusubiri. Nenda Benki Kuu moja kwa moja.

Kwa mtu asiyekopa, hata hivyo, tunaona mlango wenye nguvu zaidi ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Benki Kuu itauliza kuhusu mkopo, na wewe mkopo huna. Tume inauliza kuhusu taarifa zako, na hapo ndipo kosa lilipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023. Msingi wake ni kwamba taarifa zikusanywe kwa sababu halali inayojulikana na zitumike kwa sababu hiyo, na mhusika anaweza kudai zirekebishwe au zifutwe. Ridhaa ya mkopaji kufungua simu yake haiwi ridhaa ya watu mia mbili waliomo ndani.

Barua ya mwalimu kwa Tume ilikuwa ya ukurasa mmoja, na ukurasa mmoja unatosha:

"YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MATUMIZI YA TAARIFA ZANGU BINAFSI BILA RIDHAA. Mimi si mteja wa mlalamikiwa. Kati ya tarehe … na … nimepokea meseji … na simu … kutoka namba zilizoorodheshwa katika kiambatisho A, zikinidai mkopo wa mtu mwingine. Tarehe … nilimtaka mlalamikiwa kwa maandishi athibitishe dhamana na kufuta namba yangu (kiambatisho B). Hakufanya hivyo. Tarehe … alimpigia mwajiri wangu (kiambatisho C). Naomba Tume ichunguze, imwamuru afute taarifa zangu na aache kuwasiliana nami na watu wangu."

Tarehe, namba, viambatisho, ombi. Malalamiko yenye kurasa sita za uchungu husomwa polepole, na anayeyasoma hulazimika kukuandikia kuuliza zile tarehe.

Meseji zenyewe zitume pia kwenda 15040, namba ya kuripoti ulaghai wa simu. Mfumo hukujibu ukikutaka uandike namba iliyotuma ujumbe. Namba zikiwa tano, toa ripoti tano. Baada ya hapo ndipo uzizuie kwenye simu. Tegemea nyingine mpya kwa siku kadhaa. Ziandike kwenye daftari lilelile bila kuzijibu.

Polisi wanahitajika pale palipo na tishio la kusambaza picha, kudhalilisha au kudhuru. Ukifika kaunta, maneno yako ya kwanza yana maana kubwa. Ukisema "nadaiwa mkopo", utaambiwa deni ni la madai, nenda mahakamani. Sema lililotokea: "Natishiwa kwa meseji kwamba picha yangu itasambazwa nisipotoa fedha ambazo sidaiwi." Kuwasiliana na mtu kielektroniki kwa nia ya kumtisha au kumsumbua ni kosa chini ya kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Onyesha simu, toa nakala za skrini zilizochapishwa, usiondoke bila namba ya RB. Namba hiyo utaiweka kwenye barua zote zinazofuata.

Watu wanaokuzunguka

Mwalimu mkuu alipopigiwa, mwalimu alilazimika kujieleza akiwa ameshachafuliwa. Ingekuwa nyepesi zaidi kama angemtangulia Jumatatu ileile kwa dakika mbili: "Mkuu, kuna watu wanatumia namba yangu kudai mkopo wa mtu mwingine. Wakikupigia, usiwape taarifa yoyote, niandikie tu namba na saa." Ujumbe wa namna hiyo upeleke kwa mwajiri, familia na msimamizi wa kundi la WhatsApp ambalo mkopaji naye yumo. Picha ya mkopaji usiisambaze, hata kwa kulalamika. Ukiituma kwenye kundi la wazazi utakuwa umemfanyia kazi mdai bure, na wewe mwenyewe utakuwa umeweka kitambulisho cha mtu hadharani.

Na mkopaji? Mazungumzo naye yanahitajika, kwa utulivu, maana naye yuko kwenye moto uleule na huenda mkubwa zaidi. Unahitaji kwake mambo matatu: jina la programu na kampuni, picha ya skrini ya mkataba au ukurasa wa mkopo, na maandishi mafupi kwamba hakuwahi kukuomba udhamini. Mwambie aingie kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, aondoe ruhusa za majina, meseji, picha na mahali. Aifute programu baada tu ya kupiga picha kurasa zote, vinginevyo ushahidi wake unapotea. Kuifuta hakurudishi orodha iliyokwisha kunakiliwa, kwa hiyo simu zisipokoma siku hiyohiyo, usimlaumu kwamba hakufuta.

Mwalimu amebakiza kazi mbili kwenye kalenda. Baada ya wiki mbili atapiga tena *106# kwenye laini zote. Baada ya miezi mitatu ataomba upya taarifa yake ya mikopo, kwa sababu mkopo uliochukuliwa kwa jina la mtu unaweza kuchelewa kuonekana. Daftari, nakala za barua zenye muhuri na namba ya RB vinakaa kwenye bahasha moja hadi Tume itakapomjibu.